Re: iPhone ya kwanza na Nokia N95, laini moja, mbona iPhone inajikokota?

Mambo mkuu. Kwa hiyo unahamisha laini ileile, umekaa palepale, N95 inafungua ukurasa chapu na iPhone ya 2007 inazunguka tu. iPhone yako ni nzima kabisa, usiipeleke kwa fundi. Ile iPhone haina 3G ndani yake, inaishia EDGE, yaani data ya mtandao wa zamani wa 2G, ndo hiyo herufi E unayoiona juu, 3G ilikuja na toleo la 2008. N95 ina HSDPA, yaani 3G iliyoongezwa kasi (3.5G), ya hadi Mbps 3.6.

Kwanza kabisa angalia alama kwenye N95 wakati inashusha kitu, ikiandika 3.5G basi hapo hushindanishi simu, unashindanisha mitandao. Ukitaka haki ingia settings za N95, network mode, weka GSM (yaani 2G), halafu shusha faili lilelile kwenye zote mbili. Mimi nilifanya hivyo na picha ya MB 1, kwenye 3.5G ilikuja sekunde kama kumi hivi, nilivyoirudisha GSM karibu dakika nzima, sawasawa na iPhone. Na usipigiwe simu katikati, kwenye E kwa kawaida data inasimama mpaka ukate.

N95 ya toleo la Marekani sijawahi kuishika, hii yangu ni ya 3G ya masafa ya MHz 2100.