Osileta imekufa kwenye kadi ya Amiga 1200

Mkuu, kama Amiga 1200 (kompyuta ya zamani) inawaka fresh bila kadi ya kuongeza kasi ila ukichomeka hiyo yenye prosesa ya 68030 ya 50 MHz skrini inabaki nyeusi, kabla hujanunua kitu pima kwanza osileta ya kadi, kile kidude kinachotoa mapigo ya saa ya kuendesha prosesa. Weka mita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye pini 7 ya osileta halafu mwekundu kwenye pini 14, hapo upate kama volti 5, kisha hamia pini 8 ndo inatoa mapigo ya saa yenyewe. Ikiwa hai mita itaonyesha kama nusu, volti 2 na kitu hivi, ikiganda kwenye 0 au 5 basi hiyo imeshaenda. Pini 1 ipo kwenye kona yenye ncha, kona zingine tatu ni za mviringo.

Kununua sasa: chukua osileta ya 50 MHz ya volti 5, sio 3.3, na usiuziwe kristali (crystal) ya miguu miwili maana ile haitoi saa peke yake.

Kuitoa ile ya zamani usilazimishe kabisa, njia za shaba kwenye bodi za zamani zinabanduka kirahisi na hapo ndo utalia. Bora ukate miguu yake kisha utoe mmoja mmoja kwa moto, ule wa pini 7 utakusumbua sababu shaba ya graundi inanyonya joto lote, ongeza solda mpya kidogo utalegea. Halafu weka soketi, usilehemu mpya moja kwa moja. Na ukichomeka angalia upande, ukigeuza umeiua.