Walimu wa kungfu kuficha ujuzi: niliyoyaona Zhengzhou na Chenjiagou

Mkuu umeuliza kama ni kweli walimu wa Kichina wanawaficha wanafunzi, hasa sisi wageni, maana unataka kuuza bodaboda yako uende ukajifunze na unaogopa kurudi mikono mitupu. Mimi nilikaa Zhengzhou, mji wa China, miaka minne kimasomo na muda wote huo nilikuwa nacheza taichi (kungfu ya mwendo wa taratibu) ya ukoo wa Chen, kwa hiyo nasema nilichokiona. Wanaficha. Ila wengi wanakitafuta hicho kilichofichwa sehemu ambayo hakipo.

Nilifika kule na karate yangu ya Dar miaka sita nikijiona najua kusimama. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa anafundishia bustanini saa kumi na mbili asubuhi, tuko kama ishirini, anaicheza Laojia Yilu, mfululizo wa hatua wa taichi ya Chen, mwanzo mpaka mwisho mbele yetu, harukishi hata hatua moja, na sisi nyuma tunafuatisha, kila mwisho wa mwezi tunalipa. Miezi kumi na nne hivyo. Kata yote, yaani huo mfululizo, nikawa nayo kichwani (wa karate mtanielewa), nikajirekodi nikawatumia washkaji nyumbani wakasema nimeiva. Halafu goti la kulia likaanza kuuma, kwanza nikipanda ngazi za hosteli, baadaye hata nikichuchumaa. Nikamwambia mwalimu, akasema endelea taratibu, litazoea.

Kuna mzee mmoja, mwanafunzi wake wa siku nyingi, akanikuta siku hiyo nimebaki peke yangu wenzangu wameshaondoka. Akanitazama weee, akaja nyuma yangu, akaweka vidole viwili pale paja linapokunjika na tumbo, wao wanapaita kua, akabonyeza, mkono mwingine akalishika goti langu lisicheze. Akasema geuka. Sikuweza kugeuka! Yaani mwaka na zaidi nilikuwa nazungusha goti nikidhani nazungusha kiuno. Akanishikilia hivyo hivyo mpaka paja likaanza kutetemeka, jasho linanitoka na ilikuwa baridi, kisha kitu kikaachia ndani ya nyonga na kiuno kikazunguka chenyewe, goti limetulia tuli. Dakika tano tu aisee. Nikamuuliza mbona mwalimu hakuniambia, akaangalia huku na huku, akajibu kwa sauti ya chini kwamba wewe ni xuesheng, bado hujawa tudi.

Hapo ndo penyewe. Xuesheng ni mwanafunzi, analipa, anafundishwa, anaondoka. Tudi amefanya baishi: amepeleka barua ya maombi, amepiga magoti akainamisha kichwa mpaka chini mbele ya mashahidi, amemtilia mwalimu chai, na jina lake limeandikwa kwenye mlolongo wa ukoo, kwa hiyo akiharibu ni jina la ukoo linaharibika. Kuna msemo wao kwamba bora kufundisha mikono kumi, yaani mbinu kumi, kuliko kutoa neno moja. Mikono wanagawa hadharani, lile neno la kukurekebisha, ule mkono wa kukushika nyonga, unabaki ndani.

Na usiwaone wana roho mbaya tu. Zamani ngumi ilikuwa ajira, kulikuwa na makampuni ya kusindikiza misafara ya fedha na mizigo, mbinu yako ikijulikana na majambazi ya njiani umekwisha. Wana msemo mwingine kwamba ukimmalizia mwanafunzi kila kitu mwalimu anakufa njaa, na watoto wao wanasimuliwa paka alivyomfundisha chui milia mbinu zote isipokuwa kupanda mti, na siku chui alipomgeukia paka akapona kwa huo mti. Fundi wa gereji anayekutuma soda wakati anafunga taimingi anaujua huo mti vizuri.

Kwenye hatua zenyewe siri ilishavuja siku nyingi. Chama cha kungfu cha Jingwu kilifungua milango Shanghai mwaka 1910, mtu wa kawaida analipa anafundishwa, mwalimu Sun Lutang akachapisha kitabu cha xingyi, aina nyingine ya kungfu, 1915, serikali ikafungua chuo cha taifa cha kungfu Nanjing 1928, na 1956 ikatoka ile taichi fupi ya hatua 24 ambayo leo kila bibi bustanini anaicheza. Kwa hiyo mtu akikuuzia "kata ya siri" kimbia.

Mwaka wa tatu nilivuka Mto Manjano nikaenda Chenjiagou kwenyewe, kijiji cha ukoo wa Chen. Wanakuonyesha hadi sehemu aliyojifunzia Yang Luchan, mwalimu maarufu wa taichi wa karne ya 19 aliyetoka jimbo la Hebei, hakuwa wa ukoo, na hadithi inasema alikuwa anachungulia usiku wenzake wakifundishwa mpaka mwalimu wa ukoo, Chen Changxing, akamkubali. Ya kuchungulia siwezi kuiapia, ila nilivyosimama pale nilijiuliza, hata kama alichungulia, angeona nini? Nyonga ikiachia huioni kwa macho. Lazima kuna mtu alimshika.

Msimamo wangu ni huu na sibadilishi: mwalimu akininyima pigo la kumvunja mtu nampa haki zake zote, hanijui, hajui nitalitumia kwa nani. Ila kuniacha niharibu goti miezi kumi na nne huku anapokea hela yangu kila mwezi, hiyo hata mila haiwezi kumtetea. Lile goti mpaka leo likipigwa na baridi linaniambia.

Kuhusu ugeni wetu, bustanini wale Wachina wenzangu ambao hawakuwa tudi waliachwa vile vile kama mimi, ngozi haikuhusika. Kilichonisaidia ni kuongea Kichina na kuwahi kila siku kabla ya wengine, maana mzee yule aliendelea kunishika asubuhi nyingi baada ya hapo na hakuwahi kutaka hata senti.

Kwa hiyo bodaboda usiuze kwanza. Jifunze lugha hata miezi sita, halafu ukifika usilipie mwaka mzima, lipia wiki mbili, simama unavyojua wewe hata kama unakosea, uangalie kama kuna mtu anakuja kukugusa. Kama ni Zhengzhou unaenda sema humu humu, nikuelekeze bustani za kuanzia.