Muulize Fundi: Picha ipo, sauti ni "shhhh"

SWALI: Shikamoo Fundi. Mjomba ameniachia TV ya chogo aliyorudi nayo kutoka Uingereza. Nimeiunga na king'amuzi kwa waya wa antena. Picha inaonekana, ila ina vimistari vinavyocheza kila mtu akiongea, na spika inatoa "shhhh" tu. Fundi wa hapa anasema tyuna imeshindwa kutenganisha picha na sauti, nimpe hela akanunue nyingine. Nimpe?
Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba. Hela kaa nayo kwanza. Tyuna haitenganishi kitu. Inachagua chaneli na kuishusha kwenye masafa ya kati, picha na sauti zikiwa bado ndani ya daladala moja. Zinaachana mbele, kwenye ditekta, sehemu inayofumbua mawimbi hayo: pale masafa ya picha yanapokutana na ya sauti, tofauti yao ndiyo inayobeba sauti kwenda kwenye filta yake, kichujio kinachopitisha masafa yake tu. Kwa mfumo wa matangazo ya TV uitwao B/G, ambao nadhani king'amuzi chako kinautumia, tofauti hiyo ni MHz 5.5. Kwa Waingereza, mfumo wa I, ni MHz 6.0. Filta ya TV yako inasubiri 6.0, ikija 5.5 haiipokei. Na ule mtego unaozuia sauti isiingie kwenye picha nao umewekwa kwa 6.0, basi 5.5 inapenya hadi kiooni. Ndivyo vimistari vyako hivyo.

Nilipoanza ufundi, TV kama hiyo niliibadilishia spika, halafu IC (chipu) ya sauti. Siku ya tatu ndipo nikasoma "6.0" kwenye kidude cha miguu mitatu, kikubwa kama punje ya harage: ndiyo filta yenyewe. Mwenye TV sikumweleza yote.

Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, utafute palipoandikwa B/G, I, D/K. Weka I. Ikikubali, umemaliza bila kushika bisibisi.

Menyu haina? Tazama nyuma ya TV kama kuna tundu pana la pini 21, linaitwa SCART. Nunua adapta yake, uchomeke zile waya za njano, nyekundu na nyeupe za king'amuzi. Humo picha na sauti zinaingia zikiwa zimeshaachana.

Likikosekana hilo pia, mwambie fundi wako abadili filta na mtego, aweke vya 5.5, kisha azungushe kiini cha koili ya sauti polepole kwa bisibisi ya plastiki mpaka mkwaruzo ukatike. Wewe usifungue: kioo cha chogo hubaki na umeme mkali hata plagi ikiwa imechomolewa.