Mpini wa katana ukicheza, usitie gundi

Umeuliza kama gundi kali itatibu mpini wa katana unaocheza. Hapana, ndugu. Upanga wa Kijapani umeundwa ufunguke: mkia wake, nakago, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini, hushikwa na mbano wa mbao pamoja na kigingi cha mwanzi kiitwacho mekugi, kwa kawaida kimoja tu. Ukiugandisha, hutaweza tena kukagua kutu wala ufa.

Anza na kigingi. Kimechongwa chembamba upande mmoja, basi kigonge kuanzia upande huo kwa nyundo ndogo ya shaba ili kitoke. Kikiwa kimepondeka katikati, chonga kingine kwa mwanzi uliokomaa na kukauka vizuri. Mwanzi mbichi husinyaa na utalegea tena. Msumari usifikirie kabisa, utapanua tundu la mbao.

Kama kinachocheza ni tsuba, kinga ya mkono iliyo kati ya mpini na upanga, peke yake, badilisha seppa moja, zile washa nyembamba za shaba pande zake mbili, uweke iliyo nene kidogo.

Kigingi kizima na mpini bado unatikisika? Basi nafasi ya ndani imepanuka. Ubao mwembamba wa honoki, mti wa Kijapani, uliobandikwa ndani kwa gundi ya wali, hurudisha mbano. Lakini mbao ikiwa imepasuka chini ya ngozi ya samaki taa inayofunika mpini, agiza mpini mpya, na usikatie chochote kabla ya hapo: upanga unaweza kuchomoka.

Kutu nyeusi ya nakago usiisugue kamwe. Wataalamu huitumia kukadiria umri wa upanga.