Kupanda Lushoto kwa baiskeli: kwanza fika Soni

Vijana wa Tanga mjini wakinijia kuulizia kupanda Lushoto kwa baiskeli, huanza na aina ya baiskeli. Mimi huwaambia tuanze na mwendo. Barabara ya Mombo–Lushoto haimwonei huruma mtu mwenye pupa, na wengi wanaoshindwa hujimaliza wenyewe kwenye kilomita chache za mwanzo.

Mombo, pale unapoiacha barabara kuu ya Dar es Salaam–Arusha, uko mita 400 na ushee kutoka usawa wa bahari. Lushoto ni karibu mita 1,400. Katikati kuna lami ya kilomita 33 hivi. Ukigawanya kichwani utaona mwinuko si wa kutisha, lakini sehemu kubwa ya kupanda imerundikana kati ya Mombo na Soni, ambako ni kama nusu ya njia. Ukishapita Soni bado unapanda, ila kuna mahali miguu inapata nafuu. Kwa hiyo mlima wenyewe ni Mombo hadi Soni, na akili yako yote iweke hapo.

Tatizo ni kwamba Mombo unaondoka na nguvu mpya na watu wanakuangalia. Usikanyage kwa fujo. Ingia gia nyepesi mapema, kabla pedali hazijawa nzito, kwa sababu mnyororo uliokazwa mlimani ukiulazimisha kubadili gia hurukaruka, na unaweza hata kukatika. Kipimo changu ni mdomo: kama huwezi kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kutweta, umezidisha, punguza hapohapo. Niliwahi kupanda na kijana wa Ngamiani mwenye miguu ya nguvu kunishinda mbali. Aliniacha mapema sana. Nilimkuta amekaa pembeni mwa barabara, mikono magotini, chupa ya maji mbele yake hata kuifungua hataki. Tulipumzika mpaka pumzi yake ikarudi, kisha tukapanda kwa mwendo wa maongezi, na Lushoto alifika akiwa mzima kabisa.

Sasa baiskeli. Hizi za mtumba kutoka Japani zenye gia sita zinafaa, ilimradi ukague meno ya nyuma: gia kubwa kabisa ya nyuma ikikaribia kulingana na ya mbele, utapanda umekaa kitini. Ile Phoenix isiyo na gia ni chuma imara, ila kwenye mlima huu utaisukuma kwa mkono sehemu kubwa. Kusukuma si aibu. Shuka, kaa kushoto, tembea, ukipata nafuu panda tena.

Mazoezi ya mlima Tanga mjini hatuna, ni tambarare tupu. Lakini upepo tunao. Msimu wa kusi, toka na barabara ya Pangani ukiwa umeuelekea upepo, kanyaga muda mrefu bila kupumzika na bila kukimbia. Unazoea kusukuma kitu kisichokwisha, na ndicho unachokihitaji.

Lala Mombo ili uanze alfajiri. Jua likishapanda, lami ya pale chini inatoa moto, na maji utayamaliza kabla ya Soni. Beba chupa mbili, ndizi, na machungwa ya Muheza yakiwa msimu. Beba pia sweta, maana hewa hupoa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na nguo iliyolowa jasho inakuwa adui mara tu ukisimama. Juni mpaka Agosti Lushoto ni baridi ya kweli. Masika mimi siendi: udongo huporomoka barabarani, na kona zinateleza.

Njiani utakutana na mabasi, na malori yanayoshusha kabichi, karoti na viazi. Barabara ni nyembamba na kona hazionyeshi kilichoko mbele. Madereva wengi hupiga honi kabla ya kona, basi usiweke kitu masikioni. Honi ikilia, shika kushoto na nyoosha usukani, usiyumbe.

Soni simama. Kunywa chai, nunua peasi au plamu kwa akina mama, sikiliza maporomoko ya maji, upoze miguu. Anayepita Soni bila kusimama ili aokoe dakika chache simwelewi.

Na kushuka, ndugu zangu, ndiko kunakonitia hofu kuliko kupanda. Kabla ya kuondoka Lushoto tazama raba za breki. Zikiwa zimelika, badilisha, usijaribu bahati. Usibane breki mfululizo. Rimu inapata moto, na ikizidi inaweza kupasua tyubu ukiwa katikati ya kona. Bana kwa nguvu, achia, bana tena, breki zote mbili, na mwendo upunguze kabla ya kona, si ndani yake. Soni simama tena rimu zipoe. Gizani usishuke kabisa, hata kama una taa. Ikikukuta jioni Lushoto, tafuta chumba ulale, na asubuhi nenda Irente, kwenye ukingo wa mlima kilomita chache tu kutoka mjini, ukaione Mazinde kule bondeni chini kabisa, kisha ushuke mchana kweupe.