Kila Fani Iwe na Mahali Pake: Kupanga Wahusika Ndani ya Dunia ya Kampeni

Katika mchezo wa kuigiza wahusika mezani, kila mchezaji huchagua fani, yaani kazi na uwezo wa mhusika wake, na ngazi huonyesha amekomaa kiasi gani; mwendesha mchezo ndiye anayeibuni na kuisimulia dunia ya kampeni, yaani mfululizo wa vikao vya hadithi moja. Mchezaji akiandika "kuhani, ngazi ya 1" kwenye karatasi ya mhusika wake, tayari amesema mambo kadhaa kuhusu dunia yako, hata kama wewe mwendesha mchezo hujayaamua. Kuna mungu anayejibu maombi. Kuna mtu aliyemfundisha huyu kijana kusali na kushika rungu. Kuna wagonjwa mtaani wanaojua kwamba akiwagusa watapona. Ukiyaacha hayo bila majibu, haitapita vikao vingi kabla mtu hajauliza kwa nini mfalme alikufa kwa homa na hekalu liko jirani na ikulu. Swali hilo ni la haki, na ukijibu kwa kubahatisha, dunia nzima inaanza kuonekana kama pazia tu.

Natumia Dungeons & Dragons, toleo la tano, kanuni za 2014. Sababu ni moja: hati yake ya kanuni za msingi, namba 5.1, iliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, kwa hiyo una ruhusa ya kuitafsiri kwa Kiswahili, kuichapa na hata kuiuza, mradi utaje ilikotoka. Wanaotumia kanuni za 2024 wataona tofauti kadhaa. Tawi la fani sasa linachaguliwa ngazi ya 3 kwa wote, na tiba ndogo ya makuhani, tutakayoiona hapa chini, haiponyi tena maradhi. Hesabu za hapa chini ni za 2014.

Wazo la fani kukaa ndani ya jamii ni la zamani katika mchezo huu. Ulipotoka 1974 ulikuwa na fani tatu tu: mpiganaji, mchawi na kuhani. Mwizi aliongezwa 1975. Kanuni za 1978 ziliruhusu druidi (makuhani wa misitu na mimea) tisa tu wa ngazi ya 12 katika dunia nzima, watatu wa ngazi ya 13, na mmoja wa ngazi ya 14. Nafasi zikijaa, anayetaka kupanda lazima amshinde aliyeikalia. Mstari mmoja wa kanuni ulikupa uongozi, wivu na sababu ya safari. Kanuni za leo zimeondoa masharti ya namna hiyo ili mchezaji awe huru, na mimi naunga mkono. Lakini kazi iliyokuwa inafanywa na kitabu sasa ni yako.

Idadi kwanza, historia baadaye

Wengi huanza kwa kuandika historia ya hekalu, kurasa sita, halafu hawajui hekalu lina makuhani wangapi. Geuza. Mimi hupendekeza mtu 1 kati ya 200 awe na uwezo wowote wa fani, na kila ngazi iwe na nusu ya watu wa ngazi iliyo chini yake. Mji wa watu 5,000 unapata 25: ngazi ya kwanza 13, ya pili 6, ya tatu 3, ya nne 2, ya tano mmoja. Ukiendelea kukata nusu kwa nusu, ngazi ya 9 inaangukia mtu mmoja kwa kila 80,000. Ufalme wa watu milioni moja unabaki na kumi na wawili hivi wa ngazi hiyo, fani zote kwa pamoja. Yaani kuhani mmoja, labda wawili.

Huo uwiano ni chaguo, haumo kwenye kanuni. Ukitaka dunia iliyojaa uchawi weka 1 kwa 50, ukitaka ya ukame weka 1 kwa 1,000. Ila ukishauweka usiubadilishe katikati. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mwendesha mchezo anayesema uchawi ni adimu, halafu wahusika wakifika ngazi ya 7 kila mlinzi wa lango anarusha miale. Amewaogopa wahusika wake, na sasa wachezaji hawaelewi kwa nini kijiji cha jirani kiliteketezwa na majambazi wanane.

Fahamu pia kwamba watu wa kawaida wa dunia yako hawahitaji karatasi ya fani. Hati ya kanuni ina maelezo mafupi ya watu walio tayari: mhudumu wa hekalu mwenye uwezo wa kuhani wa ngazi ya 1, kasisi wa ngazi ya 5, mchawi wa ngazi ya 9, mlinzi mwenye pointi 11 za uhai. Watumie hao. Kumjengea muuza samaki fani kamili kunakula jioni yako bure.

Kuhani, mgonjwa na maiti

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa sababu ugonjwa na kifo vinamgusa kila mtu.

Tiba ndogo ni tamko, yaani tendo moja la uchawi, la daraja la pili (daraja ni uzito wa tamko, si ngazi ya mhusika), na kuhani hulipata ngazi ya 3. Akifika hapo ana nafasi mbili za daraja hilo kwa siku, hivyo anaponya wagonjwa wawili, kisha anasubiri kesho. Tauni ikiingia mji wetu wa watu 5,000 na kulaza 300, kuhani mmoja wa ngazi ya 3 anahitaji siku 150 kuwamaliza, na kwa siku hizo tauni haijakaa kumsubiri. Kwa hiyo homa inaweza kuua hata mfalme, na swali lililobaki ni foleni. Nani anatangulia? Hekalu linapiga kura, linauza nafasi, au linaanza na watoto? Jibu lolote kati ya hayo linakupa mgogoro wa vikao kadhaa.

Paladini, askari wa dini aliyekula kiapo, ambaye wengi humchukulia kama mpiganaji aliyevaa vizuri, katika ngazi za mwanzo ni tabibu kumshinda kuhani. Ana akiba ya pointi tano za kuponya kwa kila ngazi, na pointi tano zinaondoa ugonjwa mmoja. Wa ngazi ya 1 anaponya mgonjwa mmoja kila siku, wakati kuhani mwenzake wa ngazi hiyo bado hajafika popote. Wa ngazi ya 4 anaponya wanne. Mji ulio na paladini utamzuia asiende vitani. Mpe mchezaji wako jambo hilo siku ya kwanza: akitoka langoni na wenzake, mama mmoja anamshika vazi.

Kufufua kuna hesabu yake. Tamko la haraka, daraja la tatu, linafanya kazi ndani ya dakika moja baada ya kifo na linateketeza almasi za thamani ya sarafu 300 za dhahabu. Lile kubwa, daraja la tano, linahitaji kuhani wa ngazi ya 9, almasi ya 500, na maiti isizidi siku kumi. Kibarua asiye na ujuzi analipwa sarafu mbili za fedha kwa siku, na kumi za fedha ni moja ya dhahabu. Almasi za 300 ni mshahara wake wa siku 1,500. Ile ya 500 ni siku 2,500, karibu miaka saba bila kula. Maskini hafufuki. Mfalme naye anaweza, na ndiyo maana mwenye akili anamiliki machimbo ya almasi kabla ya machimbo ya dhahabu.

Muuaji wa kukodiwa anajua sheria hizi kuliko mtu yeyote. Tamko kubwa linashindwa mwili ukikosa kiungo cha lazima, kichwa kwa mfano. Kwa hiyo anaondoka nacho, au anaficha maiti siku kumi na moja. Sheria ya urithi nayo iamue: mfalme akifa Jumatatu na kufufuliwa Alhamisi, aliyetawazwa Jumatano ni nani?

Druidi na shamba

Wachezaji wanamkumbuka druidi kwa kugeuka dubu. Mkulima anamkumbuka kwa jambo jingine. Katika daraja la tatu ana tamko la kustawisha mimea, ambalo likifanywa polepole kwa saa nane linarutubisha ardhi yote iliyo ndani ya nusu maili kutoka alipo, yaani mita 800 hivi kila upande, na mazao yanakuwa mara mbili kwa mwaka mzima. Duara hilo ni kama eka 500. Druidi wa ngazi ya 5 akitembea mwezi mmoja kabla ya kupanda, duara moja kila siku, amegusa eka 15,000.

Sasa mtazame bwana wa nchi aliyekata msitu ili aongeze mashamba. Druidi hana haja ya kumpiga vita. Anapita mashamba ya jirani, anaruka ya kwake. Jirani ana ghala mbili, bei ya nafaka imeshuka, na bwana huyu anauza kwa hasara. Mwaka unaofuata ama anapanda miti upya ama anakodi watu wa kumuua druidi. Kampeni nzima imetoka kwenye tamko ambalo wachezaji wengi hawalisomi hata mara moja.

Wenye vitabu na wenzao

Mchawi msomi anaishi kwa kitabu. Anaanza na matamko sita, kila ngazi anaongeza mawili bila gharama, na mengine yote lazima ayanakili: saa mbili na sarafu 50 za dhahabu kwa kila daraja la tamko. Tufe la moto, daraja la tatu, ni saa sita na sarafu 150. Fundi stadi anayelipwa sarafu mbili za dhahabu kwa siku angefanya kazi siku 75 bila kula ili apate hizo. Basi nani anawalipia vijana? Chuo, jeshi, au tajiri atakayedai huduma miaka mingi. Andika jina la mdai huyo kwenye karatasi ya mhusika, pale pale chini ya orodha ya matamko.

Tufe lenyewe linabadilisha vita. Linajaza duara la futi 20 kila upande kutoka katikati, na kuondoa wastani wa pointi 28 za uhai, na anayefanikiwa kujikinga anapata nusu, 14. Mlinzi ana 11. Kwa hiyo mlinzi anakufa hata akijikinga, mara nyingi. Jenerali yeyote aliyeona hili hawezi kupanga askari bega kwa bega. Ukieleza jeshi lililojipanga safu nzito kwenye dunia yenye wachawi wa ngazi ya 5, mchezaji makini atakukosoa, na atakuwa sahihi.

Mchawi wa damu, aliyezaliwa na uwezo, ni suala la familia: nani amemficha, nani anataka kuoa kwao. Mchawi wa mapatano ni suala la sheria, na unahitaji kuamua jambo moja tu, kama mkataba na kiumbe wa nje ni jinai au ni siri ya aibu. Malenga mpe ukumbi na mfadhili, inatosha. Msasi anahitaji mpaka wenye hatari. Mwizi anakuja na lugha ya siri tangu ngazi ya 1, kwa hiyo lazima mji uwe na watu wanaoizungumza. Chora alama tatu za chaki ukutani, moja ya nyumba yenye mbwa mkali, moja ya mlinzi anayekula rushwa, moja ya mahali pa kulala, na umwachie yeye peke yake azisome.

Kuhusu mpiganaji wa hamaki nina neno moja zito. Usiichukue fani hii ukaifanya kabila zima. Watu wote wana askari, waganga, wezi na wasomi. Jamii inayopigana kwa ghadhabu tu haina aliyepika chakula wala aliyelea watoto. Hasira yake iwe kiapo, ugonjwa wa vita au mafunzo ya kikosi fulani.

Cha kufanya kabla ya kikao cha kwanza

Usipange fani zote kumi na mbili. Subiri wachezaji wachague, kisha andika nusu ukurasa kwa kila fani iliyochaguliwa: nani aliifundisha, nani anailipa, sheria inasemaje, na nani anaiogopa. Kila jibu liwe mtu mwenye jina na anwani, kwa kuwa mchezaji hawezi kuzungumza na karne tatu za historia. Watu wawili kwa kila mhusika wanatosha, mmoja anayemdai na mmoja anayemhitaji.

Fani ikikosa nafasi, sema mapema, kabla karatasi haijajazwa. Mara nyingi hakuna haja ya kukataa. Mchezaji anataka mtawa, fani ya wapiganaji wa mikono mitupu, na dunia yako haina nyumba za watawa: acha dadu, pointi na mapigo yake kama yalivyo, na umfanye baharia aliyefunzwa kupigana bila silaha kwa sababu nahodha alipiga marufuku visu melini. Aliyemfundisha ni serahangi wa meli hiyo, na meli inatia nanga mjini wiki ijayo.