Jibu: Ajali za Lukla, tatizo ni ufupi wa njia?
Mkuu, umeuliza kama ajali za uwanja wa Lukla, Nepal, zinatokana na ufupi wa njia ya kurukia. Ufupi peke yake, hapana. Ni mita 527 tu, lakini njia imeinuka karibu asilimia 12, na mwinuko huo hupunguza mwendo wa ndege inayotua. Hatari kubwa ni mlima ulio mwisho wa juu: ukishakaribia, huwezi kughairi kutua na kupaa tena. Ukungu ukiziba hapo ndiyo yale ya Oktoba 2008, ndege ndogo aina ya Twin Otter iligonga chini kidogo ya kingo ya njia, watu 18 wakafa, akapona rubani mkuu tu. Halafu huko juu milimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini hupungua nguvu na kasi halisi ya kutua huzidi ile inayosomeka kwenye kipimo. Mchana upepo huchafuka, ndiyo maana ndege nyingi hupangwa asubuhi.